Nyuzi Nne: Barua za wapiga besi

Mwezi uliopita niliuliza hapa: nani alikufanya ushike gitaa la besi badala ya gitaa la solo? Barua zimekuja kutoka Sakina hadi Himo, nyingine ndefu kuliko ukurasa huu. Wengi hamkuuliza kitu, mmesimulia tu, na hilo limenifurahisha zaidi. Nami leo nitasimulia. Kwa anayesoma safu hii mara ya kwanza: nilianza kupiga besi Moshi mwaka 1981, sasa naishi Kaloleni, Arusha. Napiga kanisani, napiga harusini, na katikati ya wiki natengeneza magitaa ya watu.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni deiwaka, napiga na bendi yoyote itakayonipigia simu Ijumaa mchana. Huku Ngarenaro tunapofanyia mazoezi kuna ubishi hauishi: nani mkali zaidi, Jaco Pastorius au James Jamerson? Tumekubaliana wewe ndiye mwamuzi. Halafu utuambie na wewe nani alikushikisha besi.
*Deiwaka, Ngarenaro*

Marahaba mwanangu. Naanza na la pili, kwa sababu la kwanza linatokana nalo.

Aliyenishikisha besi ni baba yangu, na hakuwahi kugusa gitaa maisha yake yote. Alikuwa anapiga tarumbeta kubwa katika bendi ya kanisa kule Machame. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, na Walutheri wa kwetu wakaupenda muziki wa matarumbeta mpaka leo. Tarumbeta la baba lilikuwa limebonyea upande mmoja. Mahali ambapo mshikio ulikatika alikuwa amelifunga kwa kamba ya mgomba, na kila baada ya ubeti mmoja alilipindua, akamwaga mate, akaendelea. Nilikuwa nasimama nyuma yake. Sauti ile sikuisikia masikioni, niliisikia kwenye ubao wa benchi niliokuwa nimeushika.

Jumapili moja baba alikuwa na homa, hakwenda. Kwaya ikaanza wimbo vizuri kabisa, lakini kila ubeti ukawa unashuka kidogo. Walipofika ubeti wa nne walikuwa wameshuka kiasi kwamba sauti ya nne hawakuweza tena kuzifikia noti zao za chini, wakawa wananong'ona. Hakuna hata mmoja pale kanisani aliyesema "leo tarumbeta kubwa halipo". Walisema kwaya imechoka. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilirudi nyumbani mbio kwenda kumwambia baba kilichotokea.

Aliyenifundisha kwamba gitaa linaweza kufanya kazi ile ile ni Tom Malanga. Vijana wengi hamlijui jina hili, ila wote mnaijua besi yake, kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Na sisi wa Arusha tuna kipande chetu katika historia ile. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikuja hapa mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakahamia Kenya, na huko ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitoa, akiwamo Omari Shabani wa ridhimu na Malanga wa besi, wakaanzisha Les Wanyika. Wimbo wenyewe nikaukuta redioni.

Redio yetu ilikuwa ndogo, na spika ndogo haina uwezo wa kutoa sauti nzito. Simu zenu leo zina tatizo hilo hilo. Niligundua kwamba nikiiweka juu ya debe tupu la mafuta, debe linaitikia na besi inajitokeza. Basi nikawa nalala na sikio kwenye debe nikisubiri wimbo urudiwe. Sikilizeni leo kwa spika za masikioni, mtaona nilichokiona. Besi haimfuati mwimbaji. Inazunguka njia yake, inasema, inanyamaza, na kwenye ule ukimya ridhimu ya Omari Shabani ndiyo inapita. Ukijaza ule ukimya kwa noti zako mwenyewe, wimbo unakufa. Nimejaribu, nimeuua mara nyingi, ndiyo maana nasema kwa uhakika.

Sasa ubishi wenu. Jaco alifariki 1987 akiwa na miaka 35 tu, na katika muda ule mfupi alibadilisha kabisa jinsi dunia inavyolichukulia gitaa la besi. Aling'oa freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, akaupaka ubao wa shingo gundi ngumu ya boti, akaingia bendi ya jazi ya Weather Report mwaka 1976 akaliimbisha besi kama mtu anayeimba. Mkitaka kujua amefika wapi, muulizeni Richard Bona, Mkameruni wa kijiji cha Minta. Bona alikuwa mtoto anayepiga vyombo vingine, akapewa santuri ya Jaco kwenye klabu moja ya Douala, na tangu siku hiyo akawa mtu wa besi.

Hata hivyo mimi nasimama na Jamerson. Alianzia kwenye besi kubwa ya kusimama, akapiga nyimbo za lebo ya Motown kule Detroit, na mkono wake wa kulia ulitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Kidole kimoja! Nyuzi alikuwa habadilishi mpaka ukatike. Dunia nzima ikacheza muziki wake miaka kumi bila kujua jina lake, kwa sababu lebo ile ilikuwa haiandiki majina ya wapiga vyombo kwenye majalada. Mpaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, ndipo akaandikwa. Alifariki 1983. Mimi jambo hili linaniuma kama la ndugu yangu, kwa sababu na huku kwetu ni hivyo hivyo. Mtangazaji atakutajia mwimbaji, mtunzi, mpiga solo, hata mcheza shoo. Ndiyo maana kila ninapopiga namwomba mwimbaji ataje majina ya wote stejini, mpaka kijana wa tumba. Wewe deiwaka, bendi ikisahau kukutaja, waombe kwa heshima. Unastahili.

Na mkimaliza kubishana kuhusu Wamarekani wawili, wekeni na Malanga mezani.

Kaka, salaam kutoka Himo. Desemba tulipiga harusi Rombo, jenereta likazima wakati bibi harusi ndiyo anaingia. Mpiga solo alikimbilia gitaa la boksi, tumba ikaendelea, mimi nikabaki nimeshika gitaa kama jembe. Nilijisikia vibaya mno. Umeme ukikatika mpiga besi afanye nini?
*Mpiga besi, Himo*

Mdogo wangu, pole sana. Desemba ya huku kwetu unaijua: watu wamerudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, kila ukoo una harusi au kipaimara, bendi moja inapiga shughuli nne kwa wiki, na jenereta ni hilo hilo moja linalozunguka milimani. Lazima litazima mahali.

Kwanza, kabla ya kitu chochote, zima amplifaya yako. Umeme unaporudi hurudi kwa kishindo, na hicho kishindo ndicho kinachounguza. Nimetengeneza amplifaya nyingi za Januari zilizoungua hivyo.

Pili, imba besi. Nasema kwa sababu nimefanya. Mwaka fulani tulikuwa tunapiga harusi Usa River na nilikuwa nimenunua gitaa lenye saketi inayotumia betri ya volti 9. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba gitaa la namna hiyo linawaka pale tu unapochomeka kebo, hata kama hupigi. Ijumaa usiku nilimaliza mazoezi, nikaliegemeza ukutani na kebo yake ndani, nikalala. Jumamosi, wakati wa shangazi kuingia na zawadi, sauti ikaanza kukwaruza kama redio iliyo nje ya stesheni, ikapungua, ikaisha. Mpiga drams alinigeukia macho yamemtoka. Shangazi walikuwa katikati ya ukumbi na vitenge vimetandazwa chini kwa ajili yao, huwezi kusimamisha muziki.

Nikaweka gitaa chini, nikaenda kwenye maikrofoni ya waitikiaji, nikaanza kuimba laini yangu kwa mdomo, du-du-dum, nikifuata mguu wa mpiga drams. Nyimbo tatu. Wale shangazi hawakupunguza hata hatua moja; bibi mmoja aliyebeba beseni la sufuria kichwani alinisogelea kabisa akawa anacheza mbele ya mdomo wangu. Wimbo wa tatu ulipokuwa unakwisha, msema chochote akaja na betri mkononi. Maikrofoni yake isiyo na waya ilikuwa inatumia betri ya aina ile ile, na alikuwa na ya akiba. Tangu hapo kebo nachomoa kabla hata ya kufuta jasho, na betri ya akiba inakaa kwenye mfuko wa gitaa pamoja na kipande cha tyubu ya baiskeli. Kipande hicho kina tundu dogo. Nakivalisha kwenye kitufe cha mkanda ili mkanda usichomoke. Fanya hivyo na wewe, gitaa likianguka kifudifudi shingo ndiyo inayolipa.

Shikamoo mzee wangu. Nina miaka 19, naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu hapa Pasua, Moshi. Mpiga besi wetu amehamia Dodoma na mwalimu wa kwaya ananiruhusu nijifunze na gitaa lake baada ya mazoezi. Mjomba anasema besi ni chombo cha wanaume. Mimi nalipenda, ila ni kweli vidole vyangu havifiki na mkono unauma. Niendelee?
*Binti, Pasua*

Marahaba binti yangu. Uendelee! Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mjomba wako umheshimu, ila kwenye hili hajapata habari zote. Mwambie kuhusu Carol Kaye, mama wa Kimarekani aliyezaliwa 1935. Alikuwa mpiga gitaa la kawaida studio za Los Angeles. Siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakufika kazini, wakampa yeye besi amalizie, na hakuliacha tena. Yeye mwenyewe anahesabu rekodi alizopiga kuwa kama elfu kumi. Yaani mjomba wako amekwisha kumsikia, kwenye filamu au redioni, bila kujua anayepiga ni mwanamke.

Halafu yupo mwingine ambaye sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kumjua kwa jina lake. Meshell Ndegeocello. Alizaliwa Berlin mwaka 1968, akakulia Washington, na akiwa kijana wa miaka kumi na saba akajichagulia jina hilo, ambalo mwenyewe anasema linatokana na Kiswahili, kwa maana ya kuwa huru kama ndege. Nusu ya kwanza ya jina lile ni yetu kabisa. Anapiga besi nzito, tulivu, isiyo na haraka. Msikilize ukiwa peke yako usiku.

Sasa vidole. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wameacha besi kwa jambo ambalo lina dawa.

Gitaa la besi la kawaida, la aina aliyoanza kuuza Leo Fender mwaka 1951, lina uzi wenye urefu wa sentimita 86 hivi kutoka kile kipande cha mfupa juu ya shingo hadi darajani. Hilo linafanya freti ya kwanza iwe karibu sentimita tano kutoka kwenye mfupa. Hakuna mkono wa kawaida unaofunika freti nne kwa vidole vinne pale juu bila kujikaza, wa kwako wala wa mjomba. Kadiri unavyoshuka, nafasi zinapungua. Ukifika freti ya tano unapata chini ya sentimita nne. Kwa hiyo fanya hivi. Mwezi mzima usipige kabisa huko juu. Anzia freti ya tano kushuka. Wimbo wowote wa kwaya utakuwa na noti zake huko ukizitafuta.

Ukirudi juu, tumia mtindo wa wapiga besi kubwa ya kusimama: kidole cha shahada freti ya kwanza, cha kati freti ya pili, na kwa freti ya tatu tumia kidole cha mwisho huku kile cha pete kikikisaidia, viwili vinabonyeza pamoja. Ya nne unaifuata kwa kusogeza mkono mzima, usitanue vidole. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, katikati, kimelegea. Kama unaona kimejikunja juu ya shingo kama anayenyonga kuku, kishushe. Mkanda uufupishe, ili gitaa likae pale pale ukisimama na ukikaa. Dakika kumi na tano kila siku zinatosha. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida, ngozi itakuwa ngumu. Maumivu ya kifundo cha mkono si ya kawaida. Hayo yakija, weka gitaa chini siku hiyo.

Yapo pia magitaa ya besi yenye shingo fupi, sentimita 76 hivi. Si ya watoto. Paul McCartney wa Beatles anajulikana kwa gitaa la namna hiyo, lile lenye umbo la fidla. Kwa mkono wako lingekuwa msaada mkubwa.

Niandikie tena ukishapiga wimbo wa kwanza mbele ya kanisa. Nataka kujua ni wimbo gani.

Mwalimu, ni kweli nyuzi kuukuu ukizichemsha zinakuwa mpya?
*Tengeru*

Mpya hapana, ila zinafufuka. Kinachoua nyuzi ni jasho na mafuta ya vidole yanayojaa kwenye mizunguko ya waya. Zitoe, zikunje taratibu, chemsha dakika kumi kwenye maji matupu, zifute, zianike zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Utapata wiki chache za sauti ya kung'aa. Usirudie zaidi ya mara mbili tatu, waya unachoka pale kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Mimi nilianza na gitaa lenye nyuzi tatu za kweli na waya wa breki ya baiskeli badala ya ule wa nne, kwa hiyo usione aibu kuchemsha.

Mzee, ukumbi tunaopigia Sakina una shida. Nikichomeka gitaa kuna mngurumo "mmmm" hauishi, na noti nyingine za chini zinavimba mpaka glasi zinacheza, nyingine hazisikiki. Fundi mitambo anasema gitaa langu bovu. Mtaani kwangu halina shida yoyote.
*Kijana wa besi, Sakina*

Mwanangu, gitaa lako ni zima. Una matatizo mawili, usiyachanganye.

Mngurumo ni umeme. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na kitu kinachotikisika mara 50 kwa sekunde kina sauti. Sasa shika uzi mnene, E, bonyeza freti ya tatu, ile G ya chini kabisa. Hiyo inatikisika mara 49. Yaani umeme unaimba karibu kabisa na G yako, juu kidogo tu, na ndiyo maana ukipiga wimbo wa kii ya G kunakuwa na kitu kinachogombana chini kwa chini. Nilipoligundua hili nilikuwa peke yangu karakana, usiku, na nilicheka kwa furaha. Chomeka amplifaya yako na mikisa ya fundi mitambo kwenye chanzo kimoja cha umeme, si wewe ukuta huu na yeye ukuta ule. Sogeza kebo ya gitaa mbali na nyaya za umeme. Geuka pole pole na gitaa lako ukiwa umesimama. Mara nyingi kuna upande mmoja ambapo mngurumo unapungua.

Na nakuomba kama mzazi: mtu akikushauri ukate waya wa ethi, ule wa ardhini, ili mngurumo uishe, kataa. Utaisha kweli, ila siku kasoro itakapotokea umeme utatafuta njia kupitia kwako. Nimemwona mwimbaji akirushwa na maikrofoni kwa midomo yake huku mpiga gitaa akimshika bega. Alipona. Sitaki kuona tena.

Kuvimba kwa noti ni ukumbi. E yako ya chini inatikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake moja hewani lina urefu wa mita nane na ushee. Ni karibu sawa na upana wa ukumbi wenyewe. Wimbi likigonga ukuta na kurudi, kuna mahali linajijumlisha na mahali linajifuta. Kona ndiyo mahali linapojaa zaidi. Nina hakika amplifaya yako wameisukuma konani ili isizuie meza. Itoe hapo, iinue juu ya kiti au kreti, kisha mwombe mwenzako apige huku wewe unatembea ukumbini. Tembea mpaka mwisho, mpaka mlangoni. Watu wa meza za nyuma nao wamechangia harusi.

Kaka, salaam nyingi. Utanikumbuka, tulipokezana besi Majengo enzi zile, mimi nikiwa na lile gitaa dogo jekundu. Sasa nipo Njoro, nimestaafu. Masikio yangu yanalia usiku kucha kama nyenje. Shoo ya mwisho niliyopiga, promota aliondoka na fedha za mlangoni kabla hatujafunga vyombo, nikasema basi. Watoto wananiambia niuze gitaa, limekaa juu ya kabati miaka minne. Wewe unaonaje?
*Mwenzako wa zamani, Njoro, Moshi*

Kaka yangu! Nakukumbukaje nisikukumbuke. Usiku wa kwanza nilipopanda stejini, 1981, mpiga besi wa bendi alikuwa amesafiri Mombasa hajarudi, na aliyenisukuma mgongoni akisema "panda wewe, nyimbo unazijua" ulikuwa wewe. Nilipiga wimbo mzima nikiangalia kiatu cha mpiga drams, sikuinua macho hata mara moja. Kilikuwa cha kahawia, kimepasuka mbele, na kila kidole gumba chake kilipochungulia nilijua ngoma ya mguu inalia. Uliponishusha ulinipa soda ukaniambia endelea kuangalia kiatu. Bado naangalia kiatu, kaka.

Kuhusu masikio nina huzuni, na nataka vijana wasome hapa. Sisi tulikuwa tunasimama usiku kucha tukiwa na visahani vya drams hatua moja kutoka kwenye sikio la kushoto. Leo wataalamu wa usalama kazini wanasema sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia kwa muda wa saa nane. Kila ikiongezeka desibeli tatu, muda unapungua nusu. Ikifika 100, na stejini inafika bila shida, ni dakika kumi na tano. Wimbo mmoja wa dansi wenye sebene ndefu umekula zote. Vijana, nunueni vizibo vya masikio vile vya wanamuziki, na mkikosa, vile vya sponji vya viwandani ni afadhali kuliko kukaa bure. Wewe kaka nenda hospitali ya KCMC, waone madaktari wa masikio, pua na koo. Usiseme ni uzee. Mlio wenyewe huenda usiondoke, lakini wapo wanaosaidiwa kulala.

Fedha za mlangoni hazitarudi, na lile jambo lilikuwa baya, nami nimelitendewa. Siku hizi napokea nusu kabla sijapakia vyombo.

Gitaa usiuze. Nalikumbuka vizuri lile jekundu, shingo fupi, lina alama ya kuungua karibu na vigingi mahali ulipokuwa unapumzisha sigara kabla hujaokoka. Kaka, rudi juu usome tena barua ya binti wa Pasua. Kutoka kwako ni bodaboda moja. Majina yenu siandiki hapa, ila namba zenu ninazo zote mbili, na nimekwisha kuzungumza na mwalimu wake wa kwaya: mazoezi yao ni Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni, na mwalimu mwenyewe atakuwepo. Shusha gitaa kabatini ulifute vumbi. Jumamosi hii napanda basi asubuhi kuja Moshi. Nyuzi nitaleta mimi.